Helmeti ya Tarishi

Baba yangu mdogo ni fundi wa matengenezo pale chuoni. Maana yake ni hii: kitu kikiharibika ni uzembe wake, kikifanya kazi ni juhudi za Mkuu wa Chuo. Taa zikizimika utasikia "Fundi yuko wapi?" kila korido. Zikiwaka, hakuna anayeuliza chochote. Kazi hiyo ameifanya tangu mimi sijaota meno, na hajawahi kulalamika, kwa sababu ana aibu. Sisemi ni mpole. Wapole nawajua, wengi wao wanasubiri tu zamu yao. Baba Mdogo ana aibu kama wenzake walivyo na kisukari: inamchagulia pa kukaa na cha kula. Kinyozi akimharibu kichwa, anasema asante, anaenda zake, anavaa kofia mpaka nywele ziote. Harusini anakaa karibu na mlango, na sinia ikimpita anaisindikiza kwa macho kama mtu anayeaga ndugu.

Pahali pamoja tu haya zilimtoka: kwenye ubao wa sataranji, ndani ya banda la jenereta, mbele ya Tarishi.

Banda hilo ndilo ofisi yake. Lina harufu ya dizeli na gundi ya mabomba. Meza ni mlango wa choo cha zamani uliolazwa juu ya madebe ya rangi, na kitasa chake hakijang'olewa, kwa hiyo ubao unakaa upande mmoja na chakula upande wa pili, kitasa katikati kama mpaka wa nchi. Kete zimetoka kwenye seti mbili zisizolingana, na askari mmoja mweusi ni kifuniko cha soda.

Tarishi ndiye aliyepeleka barua na mafaili ya chuo mjini kwa pikipiki. Mwembamba, maneno mengi, na helmeti nyekundu yenye kioo cheusi ambayo aliipenda kuliko alivyopenda baadhi ya watoto wake. Alikuwa na ubingwa wa kupima bahasha kwa kiganja. "Hii ni onyo," atasema, akiirusharusha. "Barua ya kupandishwa cheo huwa nyepesi." Baba Mdogo alimwita swahiba, naye Tarishi alimwita swahiba, na wakiwa pamoja ungedhani wamefungwa kamba moja viunoni.

Mwanzo wa mchezo wote wawili hawakuujua. Waliua malkia wao haraka haraka, kama wenyeji wanaosindikiza wageni ili wapate kuongea mambo ya nyumbani. Raha yao ilianza ubao ukishakuwa mtupu: wafalme wawili, askari wachache waliochoka, na ngome. Ngome ni kete ya ajabu. Mwanzoni imekaa pembeni imejibana, haina kazi, inangoja wengine wafe. Watu wakishapungua, ndipo unaona kumbe yeye ndiye alikuwa mwenye nyumba. Inafunga mstari mzima, na mfalme wa mwenzako havuki hata akilia.

"Ngome ikae nyuma ya askari wake," Baba Mdogo alikuwa akinifundisha, mdomo umejaa wali. "Isimtangulie. Ikimtangulia inamzibia njia."

"Kama Mkuu wetu," Tarishi anadakia.

Michezo yao mingi iliishia sare, na ikiisha sare walicheka kuliko mmoja akishinda.

Sasa, kunguru.

Kunguru wa pale chuoni hawajengi kwa vijiti. Vijiti ni vya ndege maskini. Wao wanabeba henga za nguo kutoka bweni la wasichana, waya wa kufungia nondo, miwani isiyo na vioo, kila chuma chembamba kilichoachwa nje. Mwaka ule wakajenga juu ya nguzo ya umeme iliyo nyuma ya kantini, katikati ya nyaya. Mvua ikinyesha, kiota kinapiga shoti, umeme unakatika, na wanafunzi wanashangilia mtihani umeahirishwa. Mkuu akamwita Baba Mdogo. "Fundi, Jumatatu nataka nguzo safi."

Basi Jumamosi asubuhi, chuo kitupu, Baba Mdogo akazima swichi kubwa, akaegemeza ngazi. Hakufika hata nusu. Kunguru wawili walimjia kichwani, mmoja akamparua sikio. Akashuka. Pale bandani, kwenye msumari, ilikuwa inaning'inia helmeti ya Tarishi, maana pikipiki ilikuwa gereji na mwenyewe alikuwa kwake amepumzika. Baba Mdogo akaivaa, akashusha kioo, akapanda tena.

Haya nimeyapata kwake mwenyewe, baadaye sana, na aliyasema akiwa ameangalia ukuta. Alidhani kiota kitupu. Alipokikata kwa koleo na kukivuta, kikapinduka, na makinda yakaanguka chini kwenye saruji. Hayakuwa na manyoya bado. Kunguru wakubwa hawakupiga kelele tena wakati huo. Walitua juu ya paa la kantini wakawa wanamtazama, wengine wakaja wakakaa nao, paa likajaa. Aliyazika makinda nyuma ya jenereta kwa mwiko wa kujengea. Helmeti akaifuta, akairudisha kwenye msumari.

Mama Kantini akatokea na ndoo yake. Huyu mama ndiye anayewatupia kunguru mabaki ya chakula, na anawaita wapangaji wangu.

"Fundi, umewahamisha? Hakukuwa na watoto humo?"

"Hapana, mama. Kilikuwa kitupu."

Ndivyo alivyosema. Angesema ukweli, Mama Kantini angeguna, angesikitika, na jioni yangekwisha. Lakini kwa mtu kama Baba Mdogo, macho ya mama mmoja mwenye ndoo ni mahakama.

Jumatatu Tarishi akavaa helmeti yake, akawasha pikipiki, akatoka. Hakufika getini. Kunguru walimshukia kama wamekodiwa. Mimi nina kibanda cha fotokopi pale pale getini, niliona kwa macho yangu: mmoja anagonga kioo, wawili wanampiga mgongoni, na Tarishi anapepesuka na pikipiki huku anapiga kelele, "Nimewafanya nini? Nimewafanya nini?" Wanafunzi walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi pia nilicheka, siwezi kujitakasa, kilikuwa kichekesho.

Siku ya pili vile vile. Siku ya tatu na kunguru wapya, wasiokuwa wa pale, kana kwamba wameletewa taarifa. Hapo vicheko vikaanza kupungua na minong'ono ikaongezeka. Unajua watu. Mtu akianguka mara moja ni ajali, akianguka mara ya pili wanaanza kukumbuka mambo yake ya zamani.

"Kunguru hawa nawajua," Mama Kantini alisema akikoroga sufuria. "Hawana ugomvi na mtu. Yule baba ana jambo lake."

"Jambo gani?"

"Mimi nitajuaje? Ningekuwa kunguru ningekwambia."

Watu wakaacha kupanda pikipiki yake. Mhasibu alikuwa akimtuma benki, akaanza kwenda kwa miguu, na tumbo lile. Mwisho wa wiki Tarishi akaanguka kwenye mtaro mbele ya ofisi ya Mkuu, bahasha za chuo zikaelea kwenye maji machafu kama bata. Mkuu akatoka, akaangalia, akachukua funguo za pikipiki, akasema Jumatatu atatangaza mtu mwingine wa pikipiki, Tarishi ataenda stoo kuhesabu viti vibovu.

Na Baba Mdogo? Alijua tangu asubuhi ile ya kwanza. Alimwona mwenzake anapigwa akajua kunguru wanaitafuta helmeti, siyo kichwa kilichomo. Kila mchana Tarishi alikuja bandani, akakaa mbele ya ubao, akasogeza kete bila kuziona.

"Swahiba, niambie ukweli. Mimi ni mtu mbaya?"

"Hapana."

"Fikiria vizuri kwanza."

"Hapana, swahiba. Cheza."

Alikuwa akiangalia kitasa cha mlango anapojibu. Usiku hakulala, mke wake alituambia. Mara mbili alifika mpaka kwenye geti la kwa Tarishi, akarudi. Kusema "nilivaa helmeti yako" kulikuwa rahisi. Lakini hilo lingevuta la makinda, la makinda lingevuta uongo aliompa Mama Kantini, na uongo ungevuta siku zote zile alizokaa kimya huku rafiki yake anapigwa. Kila siku aliyonyamaza ilimwongezea cha kueleza. Mtu mwenye aibu akikosa, hatafuti msamaha, anatafuta njia ya kurekebisha bila mtu kujua. Akaipata.

Jumatatu, wafanyakazi wote uwanjani, Mkuu keshakohoa ili aanze kutangaza, Baba Mdogo akanyoosha mkono. Watu waligeuka. Wengine walikuwa hawajawahi kusikia sauti yake.

"Mkuu, naomba nijaribu kitu kimoja."

Akachukua helmeti mkononi mwa Tarishi, akaivaa, akaanza kutembea kuelekea nguzoni. Hakufika mbali. Wakamshukia. Alisimama wima, mikono imeshuka, akawaacha wampige, mpaka shati likachanika begani. Tuliokuwa karibu tulimpigia kelele akimbie. Hakukimbia. Kisha akavua helmeti, akaiweka chini, akasogea pembeni. Kunguru wakamwacha hapo hapo, wakawa wanaidonoa helmeti.

"Siyo Tarishi," akasema, anahema. "Ni hii kofia tu."

Makofi! Mama Kantini alipiga kigelegele. Mkuu akashika maiki akasema huu ndio utafiti anaoulilia kila siku, kwamba chuo hiki kina vipaji mpaka kwenye jenereta. Mwalimu wa sayansi akaongeza, kwa uso mkavu, kwamba kunguru kwa asili huchukia rangi nyekundu. Kabla ya saa ya chai tangazo lilikuwa limebandikwa: ni marufuku kuvaa nyekundu eneo la chuo. Nilidurufu mwenyewe. Binti aliyelipokea kwa niaba ya wanafunzi alikuwa amevaa kilemba chekundu kama nyanya, na kunguru walikuwa juu ya kichwa chake wanapiga soga, lakini sayansi ni sayansi.

Tarishi alimkumbatia Baba Mdogo mbele ya watu wote, akalia waziwazi. "Huyu ndiye ndugu," akawa anasema. "Umeacha wakuchane kwa ajili yangu. Huyu ndiye ndugu, mnamwona?" Na Baba Mdogo amesimama kama mlingoti, damu begani, anapigwa picha. Nilidhani ni ile aibu yake ya kawaida ya kusifiwa. Kumbe mtu anachomwa.

Mchana wakacheza. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya dumu, nakula. Tarishi alikuwa amefufuka, anacheza na kuimba, na siku hiyo alicheza vizuri ajabu. Zikabaki ngome na ngome. Askari wake alikuwa amebakiza hatua moja awe malkia, mfalme wake amemtangulia kwenye mstari wa mwisho, na ngome yake imemfungia nje mfalme wa Baba Mdogo. Hata mimi niliona: kilichobaki ni subira. Tarishi akaangalia ubao, akaangalia bandeji ya begani, akanyoosha mkono juu ya kitasa.

"Sare."

"Sare vipi? Umeshinda."

"Najua. Nakupa. Wewe leo huwezi kushindwa na mimi, swahiba, Mungu hatapenda."

Baba Mdogo aliuangalia ule mkono. Nadhani angeweza kuvumilia makofi, na picha, na hata Mkuu. Ila zawadi ile, ya sare asiyoistahili, kutoka kwa mtu yule, ilimshinda kumeza.

"Ni mimi niliyeivaa," akasema.

"Nani kasema hukuivaa? Tumeona wote."

"Jumamosi ile. Ya kiota. Nilivaa helmeti yako. Kulikuwa na makinda, yakaanguka, yakafa. Walikuwa wananitafuta mimi. Nilijua siku ya kwanza."

Tarishi hakuutoa mkono. Ulibaki pale hewani, kama umesahauliwa na mwenyewe. Mimi niliacha kutafuna. Tulisubiri atukane, na mimi, niseme kweli, nilikuwa nasubiri kwa hamu, maana matusi yake yalikuwa na ufundi. Akaongea taratibu.

"Fundi," akasema. Siyo swahiba. "Unajua mimi nimefanya nini wiki hii?"

"Sijui."

"Nimekaa nikajiuliza nimemkosea Mungu wapi. Kunguru wote hawa, kuna sababu. Nikatafuta, nikapata. Nikamwita mke wangu, nikamkalisha, nikamwambia kwamba kila nikipeleka barua upande wa kule, huwa nampitia mama wa watoto wangu wa kwanza. Nakunywa chai, naondoka."

"Chai," Baba Mdogo akasema kwa sauti ndogo.

"Chai tu! Miaka yote, chai tu! Hakuna mtu duniani aliyekuwa anajua. Kunguru wenyewe walikuwa hawajui! Nimekiri mwenyewe, kwa mdomo wangu, kosa ambalo hakuna aliyenishtaki. Sasa nalala kwenye kochi, miguu nje, na mke wangu ananisalimia kama mpita njia."

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja, wali ukanipalia. Baba Mdogo akachukua mfalme wake amlaze, ndiyo ishara ya kujisalimisha. Tarishi akamshika kiganja.

"Msimamishe. Unacheza mpaka mwisho."

Basi wakacheza. Ngome ya Tarishi ikampiga cheki mfalme wa Baba Mdogo, yaani ikamtishia kumuua, akasukumwa hatua moja mbali zaidi. Kisha ikapanda mpaka mstari wa nne, ikasimama pale inangoja, haina haraka. Mfalme wa Tarishi akachungulia nje ya maficho. Ngome ya Baba Mdogo ikampiga cheki, akashuka hatua. Cheki tena, akashuka. Cheki, akashuka, na ile ngome iliyokuwa inangoja ikaingia katikati, ikamfunika kama mwavuli. Hakukuwa na cheki tena. Baba Mdogo aliyajua yote hayo kabla hayajatokea, yeye ndiye aliyemfundisha.

Katikati ya mchezo Mama Kantini akaja na sahani ya maandazi. "Ya profesa wetu wa kunguru! Leo hulipi."

Tarishi hakuinua macho kwenye ubao. "Mwambie."

"Kilikuwa na makinda, mama," Baba Mdogo akasema. "Nilikudanganya. Na niliyeyaangusha ni mimi, nimevaa hiyo helmeti."

Mama Kantini akasimama kidogo. Akaangalia nguzo, akaangalia paa la kantini yake. Kisha akainua ile sahani kutoka mezani, akaondoka nayo. Mpaka saa kumi chuo kizima kilikuwa kinajua, maana yule mama ana kasi kuliko pikipiki. Mkuu naye akajua, akamwita Tarishi, akamrudishia funguo. Lile tangazo la nyekundu alilikumbatia, kwa sababu alikuwa ameshalisaini.

Askari wa Tarishi akawa malkia, na baada ya muda mfupi mfalme wa Baba Mdogo akakosa pa kukanyaga. Tarishi akazoa kete zake, akasimama.

"Jioni utakuja kwangu. Utamweleza mke wangu hili la kunguru, ulivyonieleza. La chai niachie."

Baba Mdogo alikwenda. Mimi alinivuta kwa kola, eti nimsindikize, akiogopa kuishia getini mara ya tatu. Nyumba ni vyumba viwili na sebule. Kwenye kochi kulikuwa na shuka lililokunjwa vizuri na mto juu yake. Mke wa Tarishi alikaa mkabala nasi, mikono mapajani. Baba Mdogo alisimama kueleza, kama mwanafunzi, na alieleza yote, hata ule mwiko wa kujengea. Jasho lilimtoka mpaka kwenye bandeji. Alipofika mwisho akasema, "Kwa hiyo, shemeji, mume wako hakuwa na kosa."

Halafu yule mama akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka akainama, akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, akamwangalia Baba Mdogo, akaanza upya.

"Shemeji," akasema alipopata pumzi, "kunguru wamekosea mtu. Nyumba hawajakosea."

Tarishi akainamisha kichwa. Baba Mdogo akainamisha chake. Sijawahi kuona wanaume wawili wazima wakisoma sakafu kwa bidii kiasi kile.

Mke wa Tarishi akanyanyuka akaenda jikoni, tukasikia sufuria. Nilimgusa Baba Mdogo kiwiko tuondoke, hakusogea. Yule mama akarudi na sinia: birika, vikombe, chai imejazwa mpaka ukingoni. Akamwekea mumewe, akatuwekea sisi, akakaa. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mvuke ukapanda.

"Mbona hamnywi?" akauliza kwa upole. "Au ya humu haina ladha?"

Tarishi hakuthubutu. Mimi nilijifanya natafuta simu. Baba Mdogo akachukua kikombe kwa mikono miwili, akanywa, ingali inaunguza, macho yakamtoka machozi, akanywa mpaka chini.

"Niongeze, shemeji?" yule mama akauliza.

"Niongeze," Baba Mdogo akasema, akashikilia kikombe mbele yake mpaka kikajaa.